Viti Vitashangilia

Wimbo ule niliutunga mimi, na sitaki mtu mwingine aubebe. Niliutunga nikiwa juu ya ngazi, brashi mkononi, nikiandika ubao wa duka la viatu, na kabla herufi ya mwisho haijakauka ulikuwa umeshanikaa kichwani wote. Jioni yake niliutoa mbele ya watu mia mbili kwenye baraza ya washangiliaji wetu. Wiki haikwisha, mji mzima ukawa unauimba, hata wale wanaodhani kona ni ya barabarani tu.

Chanzo kilikuwa sheria mbili. Ligi ilikaa, ikapiga kura, ikaamua kwamba kuanzia msimu ule kila timu iwe na kikomo cha mishahara: jumla ya mnachowalipa wachezaji isivuke kiwango fulani, hata kama mwenye timu ana fedha za kuezekea nyumba. Hiyo ya kwanza. Ya pili, mapato ya mlangoni yagawanywe. Zamani timu mwenyeji ilichukua yote. Sasa katika kila mia, arobaini zinakwenda kwa wageni. Walisema ni kwa ajili ya timu ndogo, zisife.

Timu yetu haikuwa ndogo. Watu walituita Wenye Mji, nasi hatukukataa. Kikomo kilipokuja, mishahara yetu ilikuwa imekizidi, na uongozi ukamwacha mshambuliaji tuliyemwita Mkasi, maana mshahara wake peke yake ulimeza robo ya kiwango. Siku ya kuaga alizunguka uwanja mzima akilia, jezi kaifunga kichwani. Nilimwangalia nikaona ligi imenipora mimi, si yeye.

"Dari wamelishusha," nikawaambia wenzangu. "Sasa sisi tuliorefuka tutembee tumeinama?"

Walipiga kelele mpaka jirani akafunga madirisha. Nilikuwa kiongozi wa nyimbo, jina langu la jukwaani Kipaza, umri miaka ishirini na minne, na sikuwa na shaka na jambo lolote. Jukwaa letu lina desturi moja: wimbo ukishaanza, hakuna wa kuukata ila aliyeuanzisha. Nikiinua mkono watu wanaimba. Nisipoushusha hawaachi, hata mvua inyeshe. Basi nikainua mkono, nikawapa huu:

*Shamba tumelima sisi, jua likituwakia,*
*Mkaja nyie wepesi, na vikapu kupakia,*
*Hata jembe hamgusi, mezani mwatangulia,*
*Njooni mcheze basi, viti vitashangilia.*

Maana ya mstari wa mwisho kila mtu aliielewa. Mgeni wa kwanza atakayekuja kuchukua arobaini zake, atachezea viti vitupu. Sisi tutasimama nje, hatukati tiketi. Arobaini ya hewa ni hewa. Wakigawana hiyo, ligi itapata akili.

Ratiba ilipobandikwa, mgeni wa kwanza alikuwa Tanuri.

Tanuri ni timu iliyoanzishwa na wachoma matofali. Uwanja wao una mabenchi ya watu mia nane, na upande mmoja umepakana na ukuta wa shule, kwa hiyo mpira ukitoka, mlinzi wa shule ndiye anayeurudisha akipenda. Kipa wao, mwaka wa kumi na mbili sasa, alikuwa kaka yangu. Tumbo moja, baba mmoja. Walimwita Komeo.

Alikuja Jumatano, kwenye karakana ninapoandikia mabango. Nilikuwa juu ya ngazi. Alisimama chini na begi lake la mazoezi, akatazama juu kwa muda.

"Hiyo S yako imelala kama imetoka kilabuni," akasema.

"Hiyo ndiyo staili, kaka."

"Staili ya kulewa. Shuka."

"Rangi itakauka."

"Ikauke. Shuka, dogo."

Nikashuka. Akakaa juu ya debe la rangi, akanyoosha mguu wa kulia ambao siku hizi ulikuwa haukunjiki vizuri asubuhi.

"Wimbo wako mtamu," akasema. "Hata sisi tunauimba mazoezini."

"Mnauimba?"

"Beki wetu wa kulia anauimba akikimbia. Mtu akitukanwa kwa vina anasahau kukasirika."

Nilicheka, na sitaficha, kifua kilinipanda. Kaka akangoja nimalize kucheka.

"Mwisho wa mwezi ligi inakagua," akasema. "Timu ikiwa haijawalipa wachezaji wake miezi mitatu, leseni inachukuliwa. Sisi unakwenda wa tatu huu. Mama Katibu amekopa kila mahali, amekopa mpaka kwa mkwewe. Kilichobaki ni Jumamosi. Uwanja wenu ukijaa kama unavyojaa siku zote, mgawo wetu unalipa watu wote na wa kununulia mipira unabaki. Usipojaa, hatuna pengine."

"Mna mechi nyingine mbili kabla ya mwezi kwisha."

"Nyumbani. Nyumbani kwetu watu mia nane, na hao nusu ni mashemeji." Akakuna goti. "Sikuombi utuimbie, dogo. Nakuomba ushushe mkono tu. Watu wakate tiketi, waingie, watuzomee mpaka basi."

"Kaka, nimeshasema mbele ya watu. Leo nikale matapishi yangu?"

"Utakula matapishi siku moja, utakunywa na maji, yataisha. Mimi nina miaka thelathini na mitatu na watoto wawili. Nani atamchukua kipa wa umri huu?"

"Si mna sheria zenu mpya? Si mlisema zitawaokoa?"

Nilisema hivyo kwa kejeli, mdomo nimeupinda. Hakukasirika. Laiti angekasirika.

"Zimeanza kutuokoa," akasema polepole. "Huyo beki wa kulia, msimu huu mngemnunua nyie. Si kwa kumhitaji, mngemkalisha benchi tu ili asitufae sisi. Kikomo kimewazuia. Tangu nianze kucheza, hii ni mara ya kwanza nimemaliza raundi nzima nikiwaona mbele yangu mabeki wale wale wanne. Unajua raha yake? Kipa anajua hata kikohozi cha beki wake. Usiichukie sheria kwa sababu imekubana wewe."

"Imeniondolea Mkasi."

"Mkasi analipwa vizuri huko alikokwenda. Asikulize huyo." Akasimama kwa kushika ngazi. "Mama alikuwa anakwambia, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi."

"Ulimi wangu haujajikwaa popote."

"Haya, bwana." Akavaa begi. "Shemeji yako anakusalimu."

Akaondoka akichechemea kidogo, na mimi nikarudi juu ya ngazi. Sikuandika kitu. Ningeweza kumwita. Barabara ile imenyooka, nilimwona mpaka alipofika kwenye kona ya duka la vioo, na sikumwita.

Lakini mimi nami si jiwe. Usiku na mchana wa Alhamisi nilifikiri, na Ijumaa nikapata njia. Tutasimama nje kipindi cha kwanza tu. Dakika arobaini na tano za viti vitupu, ligi ione, magazeti yapige picha. Kipenga cha mapumziko kikilia, nashusha mkono, tunaingia wote, na Tanuri wanapata mgawo wao. Nusu adhabu, nusu huruma. Niliona nimegawa kwa haki kuliko ligi yenyewe. Sikumwambia kaka, nilitaka ashangae. Nilitaka kushukuriwa.

Jumamosi tulikuwa kama watu elfu nne nje ya uwanja, tangu saa tisa. Madirisha sita ya tiketi yalikuwa wazi, na wauzaji wameegemeza mashavu mikononi. Basi la Tanuri lilipita katikati yetu kwa mwendo wa bibi harusi. Kaka alikaa dirishani. Nilikuwa nimesimama juu ya ukuta mfupi wa maua, mkono juu, watu elfu nne wakiimba kwamba hajawahi kugusa jembe. Alinitazama. Aliinamisha kichwa kama mtu anayekubali bei asiyoipenda, akavuta pazia.

Mpira ukaanza. Sikuwa nimewahi kuusikia mpira katika uwanja ule. Humo ndani siku zote husikii kitu ila sisi. Siku ile, kila tulipovuta pumzi kati ya ubeti na ubeti, tulisikia ngozi ikipigwa, viatu vikikwangua, na sauti ya kaka yangu peke yake ikiita, "Kushoto! Kushoto! Mwache aje!" Ilikuwa sauti ya mtu anayeita ndani ya tangi.

Kwenye dirisha la karibu yangu alikuwamo mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Akanipungia nishuke.

"Kijana, hawa utawaweka juani mpaka lini?"

"Mpaka nitakapoamua, mama."

"Basi amua mapema."

Nilidhani amechoka kukaa. Nilimpa tabasamu langu la jukwaani, nikarudi ukutani.

Kipenga cha mapumziko kilipolia, nikashusha mkono. Wimbo ukakatika, watu wananitazama.

"Wameonja!" nikasema. "Sasa tuingie tukaimbe! Sisi ndio Wenye Mji, hatushindi nje kama wadai!"

Walipiga mayowe, wakamiminika kwenye mageti. Mimi na wapiga ngoma tukazunguka upande wa nyuma, kwenye lango la ngoma. Ndilo lango letu. Tangu nina miaka kumi na mitatu nabeba ngoma za wakubwa, nimepita hapo, na mlinzi wake ananiita mkwe. Kwa hiyo sikuona mageti makubwa yalikuwaje, wala nani alisimama dirishani na nani hakusimama. Ngoma zilikuwa zimeanza. Niliingia nikiimba.

Kipindi cha pili kile sitakisahau, na ningependa kukisahau. Jukwaa lilijaa mpaka ngazini. Kaka alikuwa anatembea kuelekea goli la upande wetu, kichwa chini, akainua macho akatuona. Alisimama. Akaweka glavu kifuani, akaiacha hapo. Kisha akacheza kama kijana wa miaka ishirini. Mara mbili winga wetu alibaki naye ana kwa ana, mara mbili akalala miguuni pake akaondoka na mpira. Dakika za mwisho tukapata mpira wa adhabu, ukapigwa ukapinda kuelekea pembe ya juu, na jukwaa zima likawa limeshanyanyuka. Yeye akaruka kwa ule mguu mbovu, akautoa kwa ncha za vidole. Nilipiga kelele. Sijui kwa timu ipi.

Bila kwa bila. Mwisho alikuja mpaka chini ya jukwaa letu, akainua glavu juu ya kichwa, akapiga makofi, uso umenielekea mimi. Watoto wake wawili walikuwa kwenye viti vya wageni na mama yao, nao wakapiga makofi kwa sababu baba anapiga. Sijawahi kupokea shukrani tamu kama ile.

Tulikuwa tunashuka ngazi pale mpiga ngoma mkubwa, tunayemwita Gogo, aliponikumbatia mabega.

"Kipaza, wewe si mtu, wewe ni fundi! Mimi nilidhani umelegea kwa ajili ya kaka yako. Kumbe!"

"Kumbe nini?"

"Kumbe tumeona mpira, tumeimba, tumetoka jasho, na hatujatoa hata senti. Tanuri wanarudi na vumbi lao!" Akacheka mpaka ngoma ikatikisika tumboni.

"Hamjatoa senti vipi? Hamkukata tiketi?"

"Tukate wapi? Madirisha si yanafungwa kipenga cha mapumziko kikilia? Baada ya hapo mageti wazi, aingie anayetaka. Tangu babu yangu anakuja hapa ndivyo ilivyo." Akanitazama, kicheko kikapungua. "Acha utani. Si ulijua?"

Miaka kumi na mmoja kwenye jukwaa lile. Najua kila bati lililotoboka, najua ngazi ipi ina msumari. Tiketi sikuwahi kukata hata moja, na dirisha la tiketi sikuwahi kulitazama lilivyo baada ya mapumziko, maana wakati huo mimi niko juu, mkono hewani, watu wananitazama mimi.

Nilikimbia. Yule mama wa miwani ya uzi alikuwa anafunga mfuko wake. Sanduku la vishina vya tiketi lilikuwa juu ya meza, limeshapigwa lakiri.

"Mama, umeuza ngapi?"

"Mia tatu na kumi na mbili. Zimehesabiwa mapumziko, pande zote mbili zimetia saini. Mama wa Tanuri alikuwa hapa hapa."

"Niuzie elfu nne sasa hivi."

"Za mechi gani?"

"Ya leo."

"Ya leo imekwisha, mwanangu." Hakusema kwa ubaya. "Nilikwambia uamue mapema."

Nikatoka nje, nikapanda ule ukuta wa maua, nikainua mkono. "Jamani! Tulipe! Turudi tulipe, kila mtu na yake!" Waliocheka walicheka. Wengine walidhani ni mwanzo wa wimbo mpya, wakangoja kina. Mmoja akanitupia sarafu, kama anavyotupiwa kichaa, na watu wakaenda zao nyumbani. Elfu nne wanaoimba mpaka niseme basi, sikuweza kumrudisha hata mmoja kwa neno lisilo na ngoma.

Jumapili nikaenda kwa kaka. Nilikwenda nikaseme, haki ya Mungu nilikwenda nikaseme. Alinikumbatia mlangoni kabla sijavua viatu.

"Huyu ndiye mdogo wangu!" akamwambia shemeji. "Si nilikwambia? Ana mdomo, lakini damu ni damu."

"Mimi nilishaanza kumtafutia laana inayomfaa," shemeji akasema, akaniwekea chai. "Sasa itabidi niirudishe dukani."

Walicheka. Nilishika kikombe kwa mikono miwili. Kaka akasema hata nusu mechi inatosha, Mama Katibu atawaita wiki inayoingia, watalipwa. Akanisimulia ule mpira wa adhabu kana kwamba sikuwepo. Mtoto mdogo alinikalia mapajani. Nikanywa chai, nikaaga, nikaondoka na maneno yangu yote.

Wiki ilipoingia Mama Katibu aliwaita kweli, akawasomea idadi: watazamaji mia tatu na kumi na wawili. Wachezaji walimwangalia kama anayewasomea hadithi. Elfu nne wamewaona kwa macho yao, wameimbiwa nao, yeye anawaletea mia tatu. Mwanamke yule ameandika barua za Tanuri miaka kumi na tisa kwa mkono wake, amefua jezi mashine ilipokufa. Siku ile walimwita mla rushwa. Walisema ameuza mgawo kwa Wenye Mji, amechukua chake pembeni. Asubuhi yake mlango wa nyumba yake ulikuwa umeandikwa MWIZI kwa rangi nyekundu.

Nilipita kuuona. Ni mlango wa bluu. Herufi zilikuwa za mtu asiyejua kushika brashi, Z imegeuka, rangi imechuruzika mpaka chini. Nilisimama pale kama fundi, nikayaona makosa yake, kisha nikaendelea na safari yangu. Naandika haya nikijua yanavyosomeka.

Nilikaa siku tisa. Kila siku nilisema kesho. Siku ya mwisho wa mwezi ligi ikatangaza: Tanuri imenyang'anywa leseni, mechi zake zilizobaki zimefutwa.

Siku iliyofuata nilimkuta kaka uani, anapanga vitu vya timu kwenye gunia avirudishe. Nilimwambia nikiwa nimesimama, maana niliona kukaa ni kujipendelea. Nilimwambia juu ya mpango wangu wa nusu kwa nusu, lango la ngoma, madirisha, lakiri, mama wa miwani. Sikupamba.

Alitoa jozi ya soksi kwenye gunia, akaikunja, akairudisha.

"Kwa hiyo siku ile nilikupigia makofi," akasema.

"Ndiyo, kaka."

"Mbele ya watoto wangu."

"Ndiyo."

"Na Jumapili ukaja, ukanywa chai yangu."

Shemeji alikuwa mlangoni na ungo mkononi, amesikia yote. Hakunitukana. Aliingia ndani akafunga mlango taratibu, na ningependelea angeubamiza.

"Jumatano ile," kaka akasema, "ungenikatalia moja kwa moja, ningejua. Ningekwenda kwa wenzako mmoja mmoja, ningepiga magoti, ningefanya lolote. Lakini nilisema, mdogo wangu namjua, hatafika mwisho. Nilikuamini, dogo, ndiyo maana nikakaa." Akafunga gunia. "Chukua brashi zako. Twende."

Nilichukua kopo la rangi ya bluu na brashi pana. Tulitembea mpaka kwa Mama Katibu. Nilianza kupaka kabla hajafungua, herufi ya kwanza, ya pili. Mlango ukafunguka brashi ikiwa hewani. Ni mwanamke mfupi, miwani juu ya paji la uso, kalamu imechomekwa kwenye kilemba.

"Unapaka nini hapo?"

"Nafuta, mama. Lakini nimekuja kusema kwanza." Nikasema tena yote, mara hii mbele ya majirani wawili waliosogea na mmoja aliyejifanya anafagia.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilikuona," akasema. "Nilikuwa dirishani natia saini, nikaona watu wanaingia bila tiketi. Nikakimbilia nyuma, nikakukuta unaingia lango la ngoma. Nilikuita. Nilikuita mara tatu. Sanduku lilikuwa bado halijapigwa lakiri, kijana. Ungewasimamisha dakika kumi tu, ningewalazimisha wafungue madirisha. Ningelala mlangoni pao."

"Sikusikia, mama."

"Ungesikia wapi? Ulikuwa unaimba."

Kaka alikuwa anatazama chini. "Kwa nini hukutwambia?" akamuuliza. "Siku ile ya kikao, kwa nini hukusema kwamba ni huyu?"

"Nilisema. Hukutaka kunisikia. Nilisema ni kijana wa nyimbo aliyewaingiza bure, na wewe ndiye uliyesimama wa kwanza kunipinga. Ulisema mdogo wangu hawezi. Wenzako wakakufuata, maana wewe ni nahodha." Akashusha miwani machoni. "Sikukulaumu. Ningekuwa na mdogo ningesema vile vile."

Kaka alifunika uso kwa mikono yake miwili, ile mikono mikubwa, na mabega yakaanza kutikisika. Sikuwa nimewahi kumwona analia, hata tulipomzika mama. Mama Katibu akamshika kiwiko, akamwingiza ndani. Mimi nikabaki nje na mlango uliopakwa nusu. Nikamalizia. Nilipaka mikono mitatu ya rangi, na hata hivyo ukisimama upande jua likipiga, nyekundu bado unaiona chini ya bluu.

Sikuacha jukwaa. Niliacha wiki tatu, kisha nikaona kuacha nako ni kujionyesha. Wimbo ule nimewakataza, hawaimbi nikiwepo. Nikiwa sipo, nasikia wanauimba.

Msimu mpya ligi ina timu kumi na saba badala ya kumi na nane. Kwa hiyo kila wiki timu moja inakosa wa kucheza naye, na ratiba inaiandikia mapumziko. Mgawo wa mlangoni unaendelea, kikomo kinaendelea. Timu ndogo nyingine zimeanza kulipa mishahara kwa wakati, na yule beki wa kulia wa Tanuri anacheza kwenye mojawapo, anasifiwa redioni. Sheria ilikuwa nzuri. Ilihitaji mwaka mmoja tu ipate miguu, na mwaka huo ndio tulioupiga teke.

Jumamosi yetu ya mapumziko iliangukia wiki ya tano. Nilikwenda kumtazama kaka kwenye ghala la vigae anakofanya kazi siku hizi. Alikuwa anapakia lori pamoja na wenzake wawili. Boksi linarushwa kutoka juu, yeye chini analidaka kwa mikono miwili na kulivuta kifuani, moja baada ya jingine, bila kuangusha. Nilivua shati nikasimama pembeni yake, nikawa napokea kwake naweka chini. Tulifanya kazi hivyo kama saa nzima. Ananijibu nikimsalimu, watoto wake wananiita ba'mdogo kama zamani. Lile jina la dogo hajaniita tena.

Lori lilipojaa alikaa juu ya boksi, akajifuta jasho.

"Leo hamna mpira?" akauliza.

"Leo tunapumzika."

Akatikisa kichwa, akatazama barabarani ambako lori jingine lilikuwa linarudi nyuma kuingia getini.

"Sisi Tanuri pia," akasema, akasimama kulipokea.